Shosho ameniachia daftari lakini imani yake sijaiona

MASWALI YA WASOMAJI

Mwezi huu barua zimekuja za shosho tupu, yaani nyanya zetu. Nimesoma nne, moja baada ya nyingine, nikaona afadhali ziende pamoja. Ya kwanza nimeiacha na urefu wake, juu nilijaribu kuikata nikashindwa nikate wapi.

SWALI: Bwana asifiwe Mama. Mimi ni msomaji wako wa Umoja hapa Nairobi, nina miaka 34, na nina kijana wa miaka saba. Mimi ndio msichana wa kwanza kwa baba yangu kwa hivyo niliitwa jina la Shosho, mama yake, na wewe unajua kwetu Wakikuyu hilo si jina tu, baba mpaka wa leo huniita mama, na mashangazi wakiniona wanasema ona mamangu amekuja. Shosho alipumzika mwezi wa tano. Baada ya mazishi vitu vyake vikagawanywa, sufuria kubwa zikaenda kwa shangazi mkubwa, ng'ombe akaenda kwa ndugu yangu, na mimi nikapewa Biblia yake na daftari moja nene yenye ilikuwa imefungwa na raba ya mtungi.

Sikujua hiyo daftari ni ya nini. Kumbe tangu 1984 kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, akitoka meza ya Bwana, alikuwa anaandika tarehe na kitu kimoja cha kushukuru. Kimoja tu. Nimekutumia picha za kurasa kadhaa kwa WhatsApp ujionee. Kuna mahali aliruka lakini mingi ameandika, na mwandiko ni ule wake wa kuegemea upande.

Sasa shida yangu Mama. Mwezi wa sita tuliambiwa ofisini watu wapunguzwe na mimi nikawa kwa hiyo orodha. Renti ni ya miezi miwili sasa. Mashangazi wananipigia wananiambia usijali, wewe ndio mamangu, wewe una imani yake, shukuru tu Mungu, yeye alishukuru kwa kila jambo. Na mimi ndani sina kitu. Juzi nikachukua kalamu nikasema wacha niendeleze daftari ya Shosho, nikaandika tarehe, nikakaa hapo kwa meza kama dakika ishirini, hakuna kitu kilitoka, nikafunga. Naona ni kama nimepewa jina na daftari ya mtu mwingine. Kijana wangu ananiuliza mbona mama huandiki. Nifanye nini?

JIBU: Mwanangu, pole sana kwa kumpoteza Shosho na pole kwa kazi, na hizo mbili kuja mwezi mmoja baada ya mwingine ni mzigo hata kwa mtu mwenye mabega mapana.

Nimezikuza hizo picha moja moja. Nimeona ile ya 2 Septemba 1984, "Unga wa manjano. Wote wamekula." Wewe ulikuwa hujazaliwa, lakini sisi wenye tulikuwepo tunakumbuka ule ukame, mvua ya masika ilikataa, serikali ikaleta mahindi ya manjano kutoka nje na watu wengi hawakupenda ladha yake kabisa, watoto walikuwa wanalia wakiona ugali una rangi hiyo. Shosho yako hakuandika ati ulikuwa mtamu. Ameandika wamekula. Halafu ile ya 5 Januari 2003, "Kesho wajukuu wanne shuleni, hakuna karo," na kweli kesho yake ndio shule za msingi zilifunguliwa bila karo nchi nzima, sijui kama wewe ulikuwa mmoja wa hao wanne. Na ile ya 5 Aprili 2020, Jumapili ya Matawi: "Kanisa limefungwa. Tumeimba jikoni." Hapo niliweka simu chini kidogo. Unakumbuka makanisa yalipofunguliwa Julai mwaka huo ilisemwa watu wasizidi mia moja, ibada isizidi muda wa saa moja, na wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani? Yaani wale wenye walikuwa wamebeba hayo makanisa kwa magoti ndio walibaki nje, na yeye akaendelea kuandika.

Lakini kurasa yenye nataka uifungue leo ukimaliza kusoma hii ni ya 2008. Umesema kuna mahali aliruka. Mwanangu, hakuruka. Angalia vizuri. Ameandika "6 Januari 2008" halafu nafasi tupu. Chini yake "3 Februari 2008", tena tupu. Mtu akiruka haandiki tarehe. Sijui Shosho alikuwa wapi hiyo miezi, wewe ndio unajua, lakini sisi wote tunajua nchi ilikuwa wapi baada ya ule uchaguzi, nyumba zilikuwa zinachomwa, watu wamelala kwa uwanja wa maonyesho Nakuru, wengine kwa vituo vya polisi na makanisani. Huyu mama alifungua daftari, akashika kalamu, akaandika siku, na neno likakataa. Mara mbili. Halafu 2 Machi, siku tatu tu baada ya ule mkataba wa amani wa Kibaki na Raila wa Alhamisi tarehe 28 Februari, hakuandika mkataba wala amani wala nini. Ameandika: "Chai ya maziwa."

Sasa niambie, wewe na hiyo tarehe yako yenye umeandika ukakwama, umetofautiana wapi na yeye?

Watu wanapenda sana ule mstari wa Wathesalonike, shukuruni kwa kila jambo, na wanautumia kumnyamazisha mtu mwenye analia. Hiyo haiko sawa na mimi huwa naisema hata kwa ushirika wetu wa mtaa. Kwa Kigiriki chenye Paulo aliandika ni katika kila jambo, yaani ukiwa ndani yake, ukiwa hapo katikati. Kiswahili chetu "kwa" kinabeba zote mbili kwa hivyo msomaji anaweza kudhani anaambiwa ashukuru juu amefutwa kazi. Hapana. Shosho hakushukuru kwa ukame. Alishukuru akiwa ndani ya ukame, kwa unga. Hakushukuru kwa korona, alishukuru kwa nyimbo jikoni. Na kulipokuwa hakuna kitu cha kushukuru aliacha wazi, hakumdanganya Mungu kwa daftari. Mimi naona hizo nafasi mbili tupu ndizo zinafanya niamini zile zingine zote.

Halafu hii ya imani. Unasema umepewa jina lakini imani hujaiona. Fungua Timotheo wa pili, mlango wa kwanza, mstari wa tano, Paulo anamwambia kijana Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi, na katika mama yake Eunike. Loisi ndiye mtu pekee kwenye Agano Jipya lote mwenye anatajwa kama nyanya wa mtu. Na baba ya Timotheo alikuwa Myunani, Matendo inasema hivyo, kwa hivyo hiyo imani ilipitia kwa wanawake tu, shosho na mathe, vile iko kwa nyumba nyingi sana hapa Nairobi. Lakini neno lenye mimi napenda hapo ni hilo la kukaa. Hapa kwetu mtu akikuuliza unakaa wapi unamwambia Umoja, Kayole, Rongai. Kukaa ni kuishi mahali. Biblia haisemi Loisi alikuwa na imani kama mtu mwenye shamba lenye hati, likikatwa kila mtoto anapata kipande chake. Inasema imani ilikaa kwake. Ilikuwa na nyumba hapo, ikaonekana inaingia na kutoka, watoto wakaizoea vile wanazoea mtu wa nyumba. Ndio maana hujaiona kwa vile vitu viligawanywa. Wewe umekaa na hiyo imani tangu utoto na ulikuwa unaisikia jikoni. Na hiyo siku ulichukua kalamu bila mtu kukutuma, ni nani alikuinua kutoka kwa kiti? Kijana wako naye ameshaanza kuuliza.

Kwa hivyo usifute hiyo tarehe. Iache tupu vile iko. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao fungua tena, kama hakuna, andika tarehe ufunge. Na umwambie kijana wako ukweli, mwambie leo mama hana neno, umuulize yeye kama analo, na akisema mandazi, andika mandazi.

Na usiache mambo mengine juu ya hii. Mashangazi wameombea, sawa, lakini sheria ya ajira ya 2007 inasema mtu akiondolewa juu kazi zimepunguzwa anapaswa kupewa notisi ya mwezi mmoja na alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima alifanya kazi, mbali na siku za likizo zenye hakuchukua. Kama hujalipwa hiyo, andika barua wiki hii, weka nakala, na wakinyamaza nenda ofisi ya leba. Na ongea na mwenye nyumba kabla yeye hajakuja kugonga, umwambie lini na ngapi. Shosho aliandika unga juu kulikuwa na mtu alienda kupanga foleni ya unga.

SWALI: Mama, nyanya yangu alikuwa anatoa shilingi mia mbili kila mwezi kwa mfuko wa wajane kanisani kwao ushago, hata wakati yeye mwenyewe tulikuwa tunamtumia pesa ya dawa. Ameaga na katibu amenipigia anauliza kama familia itaendelea. Ndugu zangu wanasema hiyo iliisha na yeye. Mimi nataka lakini sijiwezi sana. (Msomaji, Kasarani)

JIBU: Ndugu zako wako sawa, hakuna deni hapo, na katibu ameuliza tu, usimchukulie vibaya. Lakini wewe umesema unataka. Basi anza na hamsini kama hamsini ndiyo uko nayo, tuma kwa jina lako, sio lake. Na ukienda Krismasi uliza hao wajane wakuambie nyanya yako alikuwa anaitoa vipi, alikuwa anatuma ama alikuwa anapeleka kwa mkono na kukaa. Mimi najua wengi wa umri wake walikuwa wanapeleka kwa mkono.

SWALI: Salamu Mama. Nyanya yetu wa Kabete ana miaka 92. Hajawahi kuvuka mpaka wa Busia lakini wimbo wake ni wa Kiganda, ule wa Tukutendereza, na akisimama kuongea mahali popote, hata harusi, lazima aanze na nampenda Yesu ameniokoa ndio aendelee. Watoto wa siku hizi wanacheka. Mimi sitaki wacheke lakini sijui niwaeleze nini. Pia amewahi kutuambia alikataa kiapo wakati wa hali ya hatari na hatukuuliza zaidi. (Kijana wa Kawangware)

JIBU: Kijana wangu asante kwa kutotaka wacheke. Waite, wakalishe, uwaambie hivi.

Miaka ya mwisho ya 1920 na kuingia 1930, kule Gahini nchini Rwanda, kwa hospitali ya wamisionari wa Kianglikana, kulianza uamsho. Watu wa kawaida, wauguzi, walimu, wapishi, Wazungu na Waafrika, walianza kuungama dhambi zao mbele ya wenzao, kuombana msamaha, kurudisha vitu walivyoiba. Ukaingia Uganda, na huko ndiko ule wimbo ulishika, Tukutendereza ni Kiganda, maana yake tunakusifu. Mwaka wa 1937 kikundi kutoka huko kikaja Kenya, na kilifikia wapi? Hapo hapo Kabete kwa nyanya yako. Kwa hivyo huo wimbo haukumkuta redioni, uliletwa na watu wenye walisafiri, ukaimbwa nao kwa lugha yao na hakuna mtu aliona haja ya kuutafsiri. Waluo wanauimba hivyo, Wakikuyu hivyo, Wataita hivyo. Mtu wa uamsho akifika mahali hajui mtu, akianzisha huo wimbo na mwingine akaitikia, amepata pa kulala.

Na hiyo ya kuanza na nampenda Yesu ameniokoa si mapambo. Hao ndugu waliita kutembea katika nuru. Kabla hujasema neno lako lolote unasema kwanza wewe ni nani na ni nani alikutoa wapi. Ni shukrani inatangulia maneno, kama vile kwetu mtu hawezi kuingia kwa boma na kuanza na shida kabla ya salamu.

Sasa hiyo ya kiapo. Hali ya hatari ilitangazwa na serikali ya mkoloni Oktoba 1952 na ilidumu mpaka 1960. Watu wa uamsho wengi kule Kiambu na Murang'a na Nyeri, walikataa kiapo cha Mau Mau, wale wapiganaji wa msituni, wakisema wameshakunywa damu ya Yesu hawawezi kunywa nyingine, na wengi wao vilevile walikataa kubeba bunduki za serikali. Kwa hivyo walikuwa hawana upande wa kujificha. Wengine walipigwa, wengine waliuawa. Na walioenda msituni nao walikuwa wanapigania mashamba yao yenye yalichukuliwa, hiyo usiwafiche watoto, nyumba nyingi zilikuwa na wote wawili kwa meza moja. Nyanya yako wakati huo alikuwa msichana wa karibu miaka ishirini. Muulize. Muulize polepole, asubuhi, ukiwa umebeba mkate, na akisema sitaki hiyo, acha. Lakini ana miaka 92 na hakuna mahali pengine hiyo habari imeandikwa.

SWALI: Mama, Nyanya anafikisha miaka 90 Disemba na tunataka ibada ya shukrani. Grupu ya familia sasa ni vita. Mmoja anataka tenti za watu mia tatu, mwingine anataka hoteli, bajeti imefika laki nne na hatujakubaliana hata mpishi. Nyanya mwenyewe amesema anataka tu kutusomea kitu. (Mjukuu, Pipeline)

JIBU: Soma hiyo sentensi yako ya mwisho kwa hiyo grupu. Kwa sauti, irekodi uitume.

Nyanya ana kitu anataka kusoma. Hiyo ndiyo ibada, hayo mengine yote ni viti. Fanyeni nyumbani kwake, kwa uwanja wake, mualike majirani wenye humletea maji na wale wa ushirika wake wenye bado wanatembea, mpike wenyewe, wali, maharagwe, chapati, mbuzi mmoja kama mko naye, na chai nyingi. Hiyo laki nne wekeni kiasi kwa matibabu yake ya mwaka ujao, yule mwenye alitaka hoteli atakubali ukimuonyesha risiti za dawa.

Na mpange siku hivi: yeye asome kwanza. Sio baada ya mchungaji, sio baada ya hotuba za mabinamu saa tisa jua likiwa limemchosha. Kwanza, asubuhi, akiwa na nguvu. Mtu mmoja akae karibu naye na simu imewashwa kurekodi, na simu iwe kwa mapaja yake, sio kwa spika, juu spika itachukua upepo wa tenti na kuku. Mtu mwingine amshikie miwani. Akikosea mstari asirekebishwe. Akinyamaza katikati mngojeni, hata kama ni dakika tano, na watoto wasiondolewe mbele.